Ekari Saba za Njia ya Nyegina

Benchi la Kija lilikuwa kwenye njia panda ya soko na stendi, mjini Musoma, na halikuwa na kibali cha ofisi yoyote. Lilikuwa na jiko la mkaa, birika lililoungwa mdomo, na vikombe vitano, kwa sababu cha sita kilivunjika kwenye mjadala wa bei ya pamba. Mwaka ulikuwa wa themanini na nne, mwezi wa nane. Sukari ilikuwa imehama nchi, kahawa ilinywewa chungu, na kashata ilitajwa kwa sauti ya chini kama jina la marehemu. Sabuni hakuna, betri hakuna, kitambaa ndiyo kabisa. Maneno yalikuwapo, na Kija, Msukuma mpole mwenye kofia ya pama, hakuyatoza kitu.

Hamduni, fundi cherehani, alikuwa amehamishia mashine yake kwenye ncha ya benchi hilo tangu vitambaa vilipotoweka madukani. Kazi iliyobaki ilikuwa kugeuza kola: shati likichakaa shingoni, unaifumua kola, upande wa ndani unauleta nje, unashona tena, na mwenye shati anaringa mwaka mwingine. Asubuhi hiyo hakugeuza hata moja. Mkewe, Tabu, alikuwa na kichanga cha miezi miwili, na tangu juzi maziwa yalikuwa hayatoki sawasawa, kwa sababu mama mwenyewe alikula mara moja kwa siku, tena uji mwepesi. Alfajiri alilikung'uta gunia mbele ya mumewe, likatoa vumbi. Hakupiga kelele. Alisema tu, «Kamwambie karani ukweli kabla ya adhuhuri, Baba Mwanaamina. Wewe ndiye uliyeanza, wewe kamalize.»

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Ofisi ya kata ilikuwa imebandika ukutani orodha ya mgao wa unga wa njano, ule wa msaada uliokuja na meli. Kila kata ilikuwa na idadi yake ya magunia. Kata yao ilikuwa na maneno mawili: «Chakula kinatosha.» Karani alitangaza kwamba orodha inafungwa leo adhuhuri, na mwenye hoja alete maelezo yaliyotiwa saini, yenye sababu. Lori la unga lilikuwa linaondoka saa nane mchana, na likishaondoka halirudi mpaka mwezi ujao, Mungu akipenda na dizeli ikipatikana.

Na kweli chakula kilitosha, kwenye karatasi. Mwaka uliopita, wakati wa Nguvu Kazi, iliamriwa kwamba kila mkazi wa mji asiye na kazi inayotambulika aonyeshe ekari moja ya muhogo, la sivyo apakiwe kwenye lori apelekwe akalime huko anakokujua dereva. Ushonaji bila kitambaa haukutambulika. Hapo ndipo Hamduni alipopata wazo. Clementi, mkulima wa Nyegina aliyekuja mjini kila siku kwa baiskeli kunywa kahawa, alikuwa na ekari moja nzuri karibu na njia ya misheni. Basi watu wote wa benchi wamwonyeshe bwana shamba ekari hiyo hiyo, kila mmoja kwa siku yake.

Bwana shamba, kijana mmoja aitwaye Silasi, hakuwa na petroli ya pikipiki, kwa hiyo alikagua shamba moja kwa siku, kwa miguu. Siku ya kwanza Clementi alimpitisha barabarani. Siku ya pili Hamduni alimpitisha upande wa ziwa. Siku ya tatu alizungushwa nyuma ya misheni, mwendo wa saa nzima kufikia shamba lililokuwa hatua mia mbili kutoka walikoanzia. Siku ya nne alikitazama kichuguu kilichokuwa katikati ya muhogo, akaandika kwenye daftari kwamba vichuguu ni tatizo la eneo zima. Miezi miwili baadaye kata ikaletewa dawa ya mchwa ya vichuguu saba.

Ndiyo, walikuwa watu saba. Watano ndio hao wa kila siku benchini. Wa sita, Robi, alikuwa ameenda kuchokonoa dhahabu Kiabakari. Wa saba, Mzee Kudura, alifariki mwezi wa pili, na ekari yake ilikuwa inaendelea vizuri. Clementi alilipwa kwa kola za bure, kahawa ya bure, barua za bure na habari za bure, na mkewe, Wankyo, aliendelea kulima.

Sasa ilikuwa saa nne na nusu, na Shomari alikuwa na karatasi juu ya goti.

– Yah, alisema. Yah, nukta mbili: kukosekana kwa mgao. Hapo nimefika. Nataka sababu.

Shomari aliitwa Katibu. Alikuwaga karani wa ushirika wa pamba mpaka ushirika ulipovunjwa, akaondoka na kalamu na lugha ya ofisini.

– Sababu iko moja, alisema Hamduni. Sote tunaijua.

– Ndugu Hamduni, hiyo ni sababu ya ndani. Hapa inatakiwa sababu ya nje.

– Ya nje ipi?

– Ndiyo tunaitafuta. Kikao kimefunguliwa.

Kija alimimina kahawa kwa mpangilio wa umri, akajifuta mikono.

– Andika bei, alisema. Bei ya mahindi iko moja nchi nzima. Ya Sumbawanga bei ile ile, ya Musoma bei ile ile. Si ndivyo walisemaga?

– Ndivyo. Ni usawa.

– Haya. Mtu wa Sumbawanga analima sana, sababu analipwa kama vile anakaa mlangoni kwa kinu. Lori linaenda kumfuata siku sita. Linakunywa dizeli. Dizeli inatoka kwa dola. Dola inatoka kwa pamba ya shemeji yake Clementi, kule Bunda.

– Shemeji yangu hajalipwa pamba ya mwaka juzi, alisema Clementi.

– Basi lori limekwama hapo.

Shomari aliandika: lori limekwama. Akafikiri, akafuta, kwa sababu karani angeuliza lori gani.

– Mimi kuna kitu najiulizaga, alisema Clementi. Alikuwa mtu mrefu, mwenye shati lililogeuzwa kola mara mbili, na aliuliza mambo polepole kama anayeogopa kumwamsha mtu. Shemeji yangu analima pamba. Serikali inauza pamba, inapata dola, inanunua mahindi. Kwa nini shemeji asilime tu mahindi?

– Kwa sababu akilima mahindi atayala, alisema Shomari.

– Sasa?

– Sasa akiyala, serikali itapata wapi dola ya kununulia mahindi?

Clementi alilitafakari hilo kwa muda, akakubali kwamba hakuwa amelitazama upande huo.

– Jua linapanda, alisema Hamduni.

Lakini Pazi alikuwa amekohoa, na Pazi akikohoa watu walinyamaza. Jina lake la kijiweni lilikuwa Redio. Alikuwa na redio ya mkulima yenye mkanda wa ngozi, iliyoishiwa betri tangu Sabasaba ya mwaka jana. Aliibeba kila mahali hata hivyo, na habari alizitoa mwenyewe.

– Nyinyi mnazungumza mambo ya zamani. Bajeti imesomwa mwezi wa sita. Ruhusa imetoka. Mwenye pesa zake nje alete mali, auze, haulizwi alipata wapi.

– Na mimi nisiyekuwa na pesa nje? aliuliza Kija.

– Wewe utaulizwa.

– Basi unga utakuja na hao matajiri?

– Sigara zitakuja. Khanga zitakuja. Unga hauna haraka.

– Vitambaa? alisema Hamduni, na kwa kitambo kidogo alimsahau hata karani.

– Vitambaa vipo njiani.

– Njia ipi?

– Ya kutoka nje, alisema Pazi, akaona amejibu.

Shomari aligonga karatasi kwa kalamu. Alikumbusha kikao kwamba mada ni unga. Akapendekeza kizuizi cha njiani: kila mtu anajua mama akitoka Bunda na madebe yake matatu ya mtama, anashushwa kwenye basi, anaulizwa kibali cha kusafirisha chakula, na mtama unabaki kizuizini ukilindwa.

– Kwa hiyo chakula kipo Bunda, hakivuki, alisema Kija.

– Kabisa.

– Mimi nilikuwa Bunda juzi, alisema Clementi. Kule wanasema chakula kipo Musoma, hakivuki.

– Umeona sasa! Shomari aliinua kalamu. Pande zote mbili zinathibitisha.

– Zinathibitisha nini?

– Kwamba kipo.

Hamduni alisimama. Alikuwa amesikia mtoto analia mtaa wa nyuma, akajua si wake, lakini miguu ilikuwa imeshasimama yenyewe.

– Mimi nakwenda ofisini. Nitasema ekari iko moja, basi. Watatuandika upya, lori lina nafasi.

– Kaa, Hamduni.

– Nitakaa mpaka lini?

– Kaa tukuulize. Shomari aliacha lugha ya ofisini, na hapo sauti yake ikawa ya mtu aliyeogopa. Ukisema iko moja, swali la pili ni hili: nani alionyesha hizo sita? Utataja majina. Mimi, Pazi, Kija, Robi, wewe. Utamtaja Mzee Kudura, aliyezikwa na kata nzima na bado analima. Ile si faini, ndugu yangu, ile ni kulala ndani. Miezi sita. Tabu utamwachia nani? Ukiwa ndani atapata unga wa wapi?

– Na mimi nitasemwa niliwakodishia, alisema Clementi.

– Hukutukodishia. Ulituazima.

– Kwa kahawa, alisema Clementi. Watasema kodi.

Hamduni akakaa. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya kusema uongo, maana uongo huo alikuwa ameishi nao mwaka mzima na akalala usingizi wake vizuri. Ilikuwa aibu ya kukaa. Alikuwa anamwogopa karani kuliko alivyomwogopa Tabu, na alijua kwamba Tabu alikuwa anajua hivyo.

– Muhogo wenyewe umebaki kiasi gani? aliuliza taratibu, akimtazama Clementi.

– Mistari minane. Wankyo ameshaanza kuchimba mdogo mdogo. Watoto sita, na mama yangu, ni wa saba.

– Ekari saba, mistari minane, alisema Kija, akatikisa birika kusikia kilichobaki.

Kikao kikaendelea. Pazi alisema kwamba hata hivyo wasilalamike sana, kwa sababu unga ule wa njano si chakula cha watu. Kule ulikotoka wanawapa kuku. Tena una dawa ndani, mtu akiula mara tatu anapoteza nguvu ya kubisha.

– Mimi niliulaga kwa dada yangu, Kiabakari, alisema Clementi.

– Ikawaje?

– Nikashiba.

– Baada ya hapo?

– Nikaomba tena.

– Mnamwona? Pazi aliwageukia wengine kwa huruma. Ameshaharibika.

– Usiandike dawa, Kija alimwambia Shomari. Tukiandika dawa watasema basi hamuutaki.

– Siandiki. Nataka sababu yenye uzito.

– Yenye uzito ninayo, alisema Pazi. Nilikuwa naificha.

Alitazama huku na huku. Barabarani alipita mama mmoja na kapu la dagaa, na mbuzi wawili. Alisubiri mbuzi wapite.

– Kuna chombo kiko angani. Cha hao hao wenye unga. Kinazunguka usiku na mchana, kinapiga picha za mashamba ya dunia nzima. Pakiwa kijani, wanaandika wameshiba. Pakiwa kahawia, wanaandika wana njaa. Meli inapakiwa kwa picha hizo, si kwa maneno yenu.

– Sasa sisi tuko kahawia, alisema Kija. Mvua haijanyesha.

– Mmesahau ziwa. Ukingo mzima wa ziwa una matete. Matete ni kijani. Kule juu wameyaona, wakadhani mpunga.

Kija alivua kofia kwa heshima. Ilikuwa sababu nzuri. Haikumgusa mtu yeyote wa kata, wa wilaya wala wa mkoa, na mkosaji alikuwa mbali kabisa, juu, asiyeweza kuitwa kutoa ushahidi.

– Matete, alisema Shomari, na akaanza kuandika. Kutokana na uoto wa asili wa kandokando ya ziwa kufananishwa kimakosa na zao la mpunga…

– Ngoja, alisema Kija. Kama walipiga picha, wameona na ekari zetu saba?

– Wameona moja, alisema Hamduni.

– Wameona moja mara saba, alisema Pazi. Chombo kinazunguka.

Shomari alisimamisha kalamu. Alikuwa amepata wazo lake mwenyewe, na lilikuwa kubwa mno hata akavua miwani. Je, kama yote haya ni mtihani? Kama huko juu wamechagua kata chache, wakazinyima kwa makusudi, ili waone nani atanung'unika na nani atajitegemea? Kata itakayonyamaza itapewa cheti. Nani anataka kuiharibia kata yake cheti, dakika za mwisho, kwa barua?

– Cheti kinaliwa? aliuliza Clementi.

– Kinatundikwa.

– Basi barua tusipeleke, alisema Kija.

– Tuipeleke ikiwa tupu. Yah, halafu saini.

Hamduni aliwatazama mmoja mmoja. Aliwapenda. Walimbebea jeneza la baba yake, na Kija alimkopesha mkaa siku Tabu alipojifungua. Na alitamani kuwapindua wote pamoja na benchi lao.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliposimama mbele yao. Alikuwa mtu mzima, kitenge kimelowa mpaka magotini, ananukia dagaa, ana karatasi mkononi na magunia matatu matupu chini ya kwapa.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba.

– Naitwa Boke, natoka Rukuba, kisiwani. Nimetumwa na wenzangu. Karani ameniambia wenye mashamba wanakaaga hapa.

– Mashamba gani, dada? aliuliza Shomari.

– Ya muhogo. Saba.

Alimpa karatasi. Shomari hakuwahi kuona karatasi asiisome kwa sauti, hata pale ambapo ingekuwa heri kwake anyamaze.

– «Kutokana na upungufu wa chakula katika kisiwa cha Rukuba, na kwa kuwa kata hii ina ziada itokanayo na ekari saba za muhogo uliokomaa, mwenye barua hii apatiwe magunia matatu ya makopa kutoka kwa wakulima wafuatao.» Aliishusha karatasi. Tumefuata sisi.

Majina yalikuwa saba. La Mzee Kudura lilikuwa la kwanza, kwa kuheshimu umri.

– Lakini nyinyi si mna samaki? aliuliza Pazi.

– Tunao. Sangara asubuhi, sangara mchana, sangara usiku, bila hata tonge la ugali. Wiki ya tatu sasa. Watoto matumbo yanawaendesha, wazee hawataki tena kufungua mdomo. Tuliposikia huku kuna muhogo, wanawake walipiga vigelegele. Alizungumza bila kulalamika, kama mtu anayetoa ripoti. Mtumbwi unanisubiri mpaka saa tisa. Nipakie wapi?

Kija alimmiminia kahawa. Kilikuwa kikombe chake mwenyewe.

– Dada, kaa kidogo, alisema Shomari. Suala la chakula ni pana. Kwanza kuna bei moja nchi nzima…

Akamweleza habari za Sumbawanga. Clementi, kwa unyenyekevu, akaongeza kizuizi cha Bunda. Pazi akamweleza habari za picha, akamwonyesha angani mahali chombo kinapopita. Boke alisikiliza yote amesimama, kikombe mkononi, akaitikia «ehe» panapostahili, na alipoonyeshwa angani alitazama angani. Kisha akanywa kahawa yote kwa mkupuo, akarudisha kikombe kwa mikono miwili.

– Nimesikia wazee. Sasa, nipakie wapi?

Msikitini wakaanza kuadhini adhuhuri. Shomari alikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni. Hamduni alimtazama huyu mwanamke, midomo yake iliyokauka na magunia yake yaliyofuliwa, maana mtu alikuwa ameyafua magunia yale, kwa sabuni isiyopatikana au kwa mchanga. Aliona kwamba wangeweza kumweleza mpaka jua litue, na angesikiliza, na angeuliza tena. Aliogopa, na safari hii hofu haikumkalisha.

– Hakuna, dada, alisema.

– Hakuna nini?

– Muhogo. Ekari si saba. Iko moja. Tulimwonyesha bwana shamba moja hiyo hiyo, mara saba. Mimi ndiye niliyeanzisha.

– Hamduni, alisema Shomari.

– Tulidanganya, alisema Hamduni. Kutokana na huo uongo sisi hatuna mgao, na wewe umevushwa ziwa kuja kufuata kitu ambacho hakipo. Nisamehe.

Boke hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayepiga hesabu ya safari.

– Iko moja.

– Moja.

– Nimwambie karani hivyo?

– Mwambie.

– Akiniuliza nani kasema?

– Hamduni Athumani, fundi cherehani, wa hapa kwenye benchi. Mwambie mke wangu ananyonyesha na ndani hakuna unga. Mwambie hayo mawili kwa pamoja, usianze na moja ukasahau jingine. Kama lori bado lipo, walipakie. Na mimi nipo hapa, wanijie.

Pazi alisogea pembeni kidogo, akaihamishia redio yake upande wa pili. Clementi alishika usukani wa baiskeli bila kuinuka. Kija alitazama ndani ya birika, akalifunika.

Boke aliyarudia maneno yale kimya kimya, midomo inacheza, mpaka akaridhika kwamba ameyashika. Kisha akayatazama magunia yake. Mawili akayakunja, akayafunga kiunoni kwa kitenge. La tatu akalikung'uta, akalifungua mdomo.

– Basi siwezi kuwaonea. Saba ni saba na moja ni moja. Nitachukua nusu gunia, niwapelekee walau watoto. Hilo shamba moja, la nani?

Hamduni alifungua mdomo, macho yake yakakutana na ya Clementi, akaufunga. Mistari minane, watoto sita na bibi yao. Mwaka jana bwana shamba hakuwahi kulimaliza swali hilo kabla hajapewa jibu; walikuwa wanapigana vikumbo kusema «langu». Sasa Shomari alikuwa anafuta miwani. Pazi alikuwa anazungusha kitufe cha redio, akitafuta kituo.

– Wazee, alisema Boke. La nani?

Clementi alikuwa anatazama barabara ya Nyegina, shingo imeinama, na mkono wake ulikuwa umeshika kola. Boke alisubiri kidogo. Kisha alikaa kwenye benchi, kati ya Pazi na Hamduni, akaliweka gunia wazi mapajani, akaendelea kusubiri.